Jinsi ya kurudisha maketri iliyobanduka kwenye komodi ya kale ya Kifaransa

Maketri, yaani picha ya vipande vyembamba vya mbao za rangi mbalimbali, kwenye komodi (makabati ya droo) za Kifaransa za karne ya 18 hubanduka kwa sababu moja kubwa: mbao za chini hazitulii. Kiunzi mara nyingi ni mwaloni, wakati mwingine msonobari, na kimeundwa kwa mbao kadhaa zilizounganishwa ubavu kwa ubavu. Hewa ikikauka, kila ubao hupungua mapana, lakini urefu wake haubadiliki kiasi cha kuonekana. Venia, yaani hivyo vipande vyembamba vilivyogundishwa juu yake, ina nyuzi zinazoelekea kila upande, maana jani limelazwa hivi na petali la jirani vile, kwa hiyo chini panaposogea, juu panavutwa. Gundi iliyochoka haiwezi kuhimili mvutano huo, na kipande hunyanyuka. Naanza na hili kwa makusudi. Mtu akiona petali limesimama hukimbilia gundi, nami nataka kwanza ajiulize ni ubao gani uliosogea, na kwa nini.

Nitaeleza kazi mbili: kulaza venia iliyonyanyuka, na kukata kipande kimoja kilichopotea. Zote ni za komodi ya maketri. Mfano wangu ni komodi ya mtindo wa enzi za mfalme Louis XV iliyopo karakanani kwangu sasa. Ina droo mbili, uso wake umefura mbele kama tumbo, shada la maua limefungwa kwa utepe katikati, na jani moja la waridi halipo. Ikiwa yako ina muhuri wa bwana wa daraja la Oeben au Riesener, mafundi maarufu wa Paris, usiiguse, mpelekee mhifadhi aliyesomea kazi hiyo. Samani ya namna ile ni ushahidi wa jinsi watu walivyofanya kazi, na kila tone la gundi unaloliongeza linauchafua ushahidi huo.

Kabla ya kugusa chochote

Ondoa marumaru ya juu. Ni kazi ya watu wawili, na ibebwe ikiwa imesimama kwa ubavu. Ukiibeba bapa inaweza kukatika kwa uzito wake yenyewe, hasa palipo na mshipa. Ikishaondoka, angalia vichwa vya nguzo za kiunzi, kwa kuwa hapo ndipo fundi wa Paris alipozoea kupiga muhuri wake. Kanuni za chama cha mafundi za mwaka 1743, zilizosajiliwa mwaka 1751, ziliwalazimisha mabwana wa kazi kuweka muhuri wa jina, na sharti hilo lilikufa pamoja na vyama vyenyewe mwaka 1791. Ukiona herufi JME karibu na jina, hiyo ni alama ya wakaguzi wa chama. Kukosekana kwa muhuri hakuthibitishi kitu, kwa sababu mafundi wa mfalme na wengi wa mtaa wa Faubourg Saint-Antoine walikuwa nje ya mamlaka ya chama. Na muhuri ukiwepo bado usiutegemee peke yake, maana muhuri wa kughushi si kitu kigumu kutengeneza.

Mimi huamini zaidi mgongo wa venia. Pale kipande kilipokwisha kujibandua chenyewe, kigeuze taratibu ukiangalie kwa tochi. Venia ya wakati ule ilipasuliwa kwa msumeno wa mkono, ikaacha mikwaruzo iliyonyooka lakini isiyolingana, na ilikuwa nene, milimita 1 hadi 2 na pengine zaidi. Venia ya kiwandani ya siku hizi hukaribia milimita 0.6 na mgongo wake ni laini. Ukikuta mikwaruzo ya upinde, hapo palipita msumeno wa duara, nawe unashika kazi ya karne ya 19 au ya baadaye. Kwenye mwaloni ulio chini utaona pia mistari myembamba iliyo sambamba: ni alama za randa ya meno, ambayo fundi aliipitisha ili gundi ipate pa kushika. Mistari hiyo usiisawazishe kamwe. Utaihitaji.

Kisha ondoa mapambo ya shaba yaliyo karibu na eneo la kazi. Piga picha, chora ramani, kila pambo na misumari yake liingie bahasha yake yenye namba. Usiyasugue kwa dawa ya kung'arisha metali. Dhahabu yake ilipakwa kwa zebaki, kazi iliyowaharibia afya mafundi wengi walioifanya, na tabaka lake ni jembamba mno kuvumilia msuguano.

Chini ya mapambo hayo kuna kitu ninachokipenda kuliko vyote katika kazi hii: mbao ambazo mwanga haujazifikia. Mti uitwao bois de rose, uliotoka Brazil, huonekana hapo na michirizi yake ya waridi. Mbao ya amaranti ni zambarau. Ya holi ni nyeupe, na iliyotiwa rangi ya kijani bado ni kijani. Sentimita moja pembeni, vyote hivyo vimekuwa asali na kahawia. Nenda kasri la Versailles ukasimame mbele ya meza ya kuandikia ya Louis XV, ile Jean-François Oeben aliyoianza mwaka 1760 na Jean-Henri Riesener akaimaliza mwaka 1769, kisha jaribu kuirudishia rangi akilini. Watu waliokuwa na samani hizi hawakuishi na kahawia tupu. Waliishi na bustani.

Sasa gonga. Pitisha ukucha uso mzima, sentimita kwa sentimita. Palipo imara patatoa sauti fupi, nzito, na palipo na lengelenge patatoa sauti nyembamba, ya uwazi. Weka alama kwenye picha uliyoichapa, usiiweke kwenye samani. Halafu mulika tochi kutoka pembeni, karibu kulala juu ya uso, na kila kingo iliyonyanyuka itajitokeza kwa kivuli chake.

Gundi

Hapa sina mjadala na mtu: tumia gundi ya ngozi au mifupa ya wanyama, ile ile iliyotumika mwanzo. Gundi nyeupe ya plastiki ni nzuri kwa meza mpya ya jikoni. Kwenye maketri ya kale ni kufuli lisilo na ufunguo, maana fundi atakayekuja baada yako hataweza kuilainisha bila kuharibu mbao. Gundi ya wanyama hulainika tena kwa joto na unyevu hata baada ya miaka mia mbili. Ndiyo sababu tunaweza kuzitengeneza samani hizi leo, na sioni haki ya kumnyima mtu mwingine nafasi hiyo.

Thibitisha kwanza nini kiko chini. Chovya kijiti cha pamba katika maji ya uvuguvugu, kikamue, kiguse gundi ya zamani pembeni. Ikianza kunata baada ya muda mfupi, ni ya wanyama. Ikibaki kama mpira au ikigeuka nyeupe kama maziwa, kuna mtu alishapita hapo na gundi ya kisasa, na hiyo utalazimika kuikwangua kidogo kidogo kwa kisu.

Chembe za gundi mpya zifunike kwa maji baridi na uziache usiku kucha. Zitafura na kuwa tepetepe. Kisha zipashe katika chombo kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji, zisiguse moto moja kwa moja. Kipimajoto kisome nyuzi 60 za Selsiasi. Ukipita 65 na kuendelea kukaa huko, gundi inapoteza nguvu, na ikichemka imekwisha, itupe. Uzito wake huupima hivi: inua brashi, gundi itiririke kwa uzi mmoja usiokatika. Ikidondoka kwa mabonge ni nzito, ongeza maji ya moto. Kwa kupenyeza chini ya venia ifanye nyepesi kidogo zaidi ya ile ya kulaza venia mpya. Kisha bana kiasi kidogo kati ya kidole gumba na cha shahada, subiri ipoe kidogo, achanisha vidole. Ikivuta nyuzi fupi fupi, iko tayari.

Gundi hii huanza kuganda mara inapopoa, dakika chache tu. Kwa hiyo kila kitu kiwe cha uvuguvugu: chumba, mbao, kisu, na ubao wa kukandamizia.

Kulaza kilichonyanyuka

Safisha chini ya kipande kwanza. Vumbi la miaka mingi limeingia humo, na gundi mpya juu ya vumbi ni kazi bure. Tumia kijiti cha pamba chenye unyevu wa maji ya uvuguvugu, kikamuliwe hasa, maana maji yakizidi yataipinda venia na kuacha weupe kwenye nta au vanishi ya juu. Gundi ya zamani iliyo imara na safi iache. Inaungana vizuri na mpya.

Ingiza gundi kwa kisu bapa chembamba kisicho na makali, ukikipasha katika maji ya moto. Usikiinue kipande zaidi ya pale kinapokubali chenyewe. Mbao kavu ya umri huu haipindi, inakatika. Sukuma gundi hadi mwisho, bonyeza kwa kidole, iache itoke, futa, kisha weka kwa mpangilio huu: karatasi isiyoshika gundi, kipande cha blanketi, na ubao uliopashwa moto kiasi ambacho unaweza kuuwekea kiganja. Kaza jiliwa. Ikiwa eneo ni kubwa, anza kukaza katikati ukienda pembeni ili gundi ya ziada ipate njia ya kutokea. Baada ya dakika kama kumi fungua, futa kilichotoka kabla hakijawa kigumu, badilisha karatasi, kaza tena, na uache saa 24.

Uso uliofura mbele, kama wa komodi yangu, haupokei ubao bapa. Dawa yake ni mfuko wa turubai uliojazwa mchanga mkavu. Upashe, uulaze juu ya karatasi na blanketi, kisha uukandamize kwa ubao na majiliwa. Mchanga utafuata kila mkunjo wa uso.

Lengelenge lisilo na kingo iliyo wazi lijaribu kwanza kwa joto tu: kitambaa chenye unyevu kidogo, pasi ya moto wa chini kwa muda mfupi, kisha mkandamizo. Mara nyingi gundi ya zamani huamka na kushika. Ikikataa, pasua mstari mfupi kwa kisu cha upasuaji kufuata nyuzi za mbao, au bora zaidi kufuata ukingo wa umbo la picha, halafu ingiza gundi kwa sindano.

Jani lililopotea

Weka karatasi nyembamba juu ya shimo na uisugue kwa penseli laini iliyolazwa. Kingo zitajichora zenyewe, sahihi kuliko jicho lolote. Hiyo ndiyo ramani yako. Igundishe kwenye mbao mpya, na usisahau kulinganisha uelekeo wa nyuzi na majani mengine ya shada. Chagua venia nene kidogo kuliko ya zamani. Hili ni la lazima, nitalirudia mbele. Kama hupati venia ya unene huo, gundisha mbili pamoja, nyuzi zikielekea njia moja.

Mafundi wa Paris walikata kwa kukaa juu ya benchi maalumu lenye msumeno unaoteleza mlalo na taya linalobana mbao kwa mguu, hivyo msumeno daima uko wima kwa mbao, na mkono wa kushoto uko huru kugeuza mbao. Kwa jani moja msumeno wa sonara unatosha, wenye ubapa wa namba 2/0. Ibane venia katikati ya vipande viwili vya mbao hafifu ili isichanike mgongoni. Kata nje ya mstari, uache unywele mmoja. Msumeno uende wima, mkono usisukume. Kona unaigeuza kwa kuzungusha mbao huku ubapa ukiendelea kupanda na kushuka papo hapo.

Kivuli cha jani hutoka kwenye mchanga wa moto. Chukua mchanga mwembamba uliooshwa, uweke kwenye kikaango cha chuma kwa kina cha sentimita mbili au tatu, uupashe. Chini una moto kuliko juu, na hapo ndipo uzuri wake ulipo: ukichomeka ukingo wa jani kwa kibano, sehemu iliyozama zaidi hukolea na rangi hupungua polepole kwenda juu, bila mstari wa mpaka. Jaribu kwa makombo ya mbao ile ile hadi ujue sekunde ngapi zinakupa kahawia ya chai. Usitafute weusi. Mbao iliyoungua huwa mkaa, nao hudondoka. Lakini nenda hatua moja mbele ya rangi unayoitaka, kwa kuwa utakapokwangua uso kivuli kitapungua. Ukihitaji kivuli katikati ya jani, chota mchanga kwa kijiko uumwage hapo hapo. Joto hukausha na kusinyaza mbao, hivyo baada ya kivuli lipe jani unyevu kidogo, lilaze kati ya mbao mbili bapa, na ulipime kwenye shimo lake kesho yake. Ule unywele uliouacha utauondoa sasa kwa tupa ndogo. Ingia, toka, futa kidogo, ingia tena.

Kuhusu rangi, msimamo wangu ni kulinganisha na majani mengine yanavyoonekana leo, si yalivyokuwa yalipotoka karakanani. Jani moja la kijani kibichi katikati ya shada la kahawia litakuwa la kwanza na la mwisho kuonekana. Andika mwaka kwa penseli mgongoni mwa jani kabla ya kuligundisha, ili ajaye asilidhanie la kale.

Gundisha kama nilivyoeleza. Baada ya siku kadhaa, gundi ikishakauka kabisa, jani litakuwa limejitokeza juu ya majirani. Punguza jani peke yake kwa bapa la chuma la kukwangulia, ukizizungushia venia za kale kinga ya karatasi ngumu. Venia ya kale isishushwe ilingane na mpya, hata kwa upana wa unywele. Msasa usiingie kabisa katika kazi hii. Vizazi vya watu wenye nia njema vimekwangua komodi hizi mara nyingi hata kivuli cha mchanga kimefutika kwenye maua, na hakuna awezaye kukirudisha. Mishipa ya jani, kama ya majirani imechongwa kwa patasi ndogo ya mchongaji na kujazwa weusi, ichonge sasa na uijaze nta nyeusi.

Neno fupi kwa wenye kazi ya aina ya Boulle, ile ya gamba la ng'amba na brasi, iliyopewa jina la André-Charles Boulle, fundi wa mfalme Louis XIV. Brasi hutanuka kwa joto na mbao hutanuka kwa unyevu, na gamba linaweza kupinda kwa vyote viwili. Mbinu za hapa hazitoshi. Biashara ya kimataifa ya gamba hilo pia imepigwa marufuku chini ya mkataba wa CITES, ule wa kulinda wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa hiyo hata kipande cha kuziba hakinunuliki kirahisi. Mtafute fundi ambaye kazi yake ni hiyo tu.

Kumalizia

Paka jani jipya vanishi nyepesi ya shelaki, tabaka moja au mawili, kisha nta ya nyuki iliyoyeyushwa katika tapentaini, kidogo sana, na usugue kwa kitambaa cha pamba ikishakauka. Uso wa zamani uachie ulichokuwa nacho. Ung'avu mkali wa kioo unaouona kwenye komodi nyingi ni shelaki iliyopakwa kwa kidonge cha kitambaa, mtindo ulioenea karne ya 19. Si wa asili, lakini umekaa humo muda mrefu, na kuuondoa ni hatari kuliko kuuvumilia. Mafuta ya aina yoyote usipake. Huingia kwenye nyufa, hukusanya vumbi, na siku venia itakapobanduka tena, gundi haitashika palipolowa mafuta.

Mahali itakaposimama pawe na unyevu wa hewa wa asilimia 50 hadi 55, na la muhimu zaidi pasiwe na kupanda na kushuka. Nunua kipima unyevu ukiweke karibu nayo. Isogeze mbali na kipasha joto cha ukutani, kwa sababu upande mmoja ukikauka kuliko mwingine mbao zitavutana upya, na isipigwe na jua la dirishani. Droo zivutwe kwa vishikio vyote viwili kwa pamoja, na venia ya ukingo wa chini wa mbele iangaliwe kila sakafu inapopigwa deki, maana maji ya dekio huanzia hapo.